Kimya cha Santuri: Nafasi ya Hifadhi za Masimulizi katika Utafiti wa Muziki wa Wamarekani Weusi

Utafiti wa muziki wa Wamarekani Weusi aghalabu huanzia kwenye santuri. Makala haya yanadai kwamba mwanzo huo hupotosha endapo mtafiti ataishia hapo. Santuri ya kwanza ya jazi kutolewa ilirekodiwa New York mwezi Februari 1917 na Original Dixieland Jazz Band, kundi la wanamuziki weupe kutoka New Orleans. Bendi ya King Oliver, mpiga tarumbeta Mweusi aliyekulia katika mji huohuo, haikurekodiwa hadi 1923. Historia inayofuata tarehe za santuri pekee humtukuza aliyetangulia kufika studio na kumsahau aliyeujenga muziki wenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi ni Buddy Bolden (1877–1931). Bendi yake ilitamba New Orleans kabla ya mwaka 1907, alipolazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hakuna rekodi yake yoyote inayojulikana kusalia. Kwa anayetegemea santuri, Bolden ni kama hakuwahi kuwapo.

Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na hifadhi ya jazi ya Chuo Kikuu cha Tulane, iliyoanzishwa mwaka 1958 kwa ufadhili wa Ford Foundation. Kazi yake ya awali ilikuwa kuwahoji wanamuziki wazee wa New Orleans na kuhifadhi sauti zao kwenye tepu. Miongoni mwao walikuwamo waliomsikia Bolden kwa masikio yao.

Hata hivyo, kumbukumbu ya binadamu ina mipaka yake. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba Bolden alikuwa kinyozi na mhariri wa gazeti. Donald Marquis, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978, alilinganisha masimulizi na rekodi za sensa, orodha za wakazi wa mji na kumbukumbu za hospitali. Hakupata ushahidi wa madai hayo mawili. Hivyo basi, masimulizi huufungua mlango ambao santuri imeufunga, nazo nyaraka za kiserikali huyapima masimulizi hayo. Aina hizi tatu za ushahidi hutegemeana.

Kwa washauri wa sera katika ukanda wetu, funzo lililopo ni la kiutendaji. Bajeti ya hifadhi ya muziki isiishie katika kununua na kunakili rekodi za zamani kidijitali. Itengewe pia fungu la mahojiano, unukuzi wake na katalogi inayomwezesha mtafiti kuyafikia. Jambo hili lina haraka yake: santuri inaweza kungoja rafuni miaka hamsini, ilhali mzee aliyeipigia muziki hangoji. Tulane iliwahi kuwafikia waliomsikia Bolden; kama ingechelewa kwa kizazi kimoja, isingemkuta hata mmoja.