Choo cha shimo kikijaa maji

Ukichimba choo Newala, jembe litachoka kabla hujaona tone la maji. Juu ya uwanda wa Makonde maji yako mbali mno chini, na akina mama wameteremka mabondeni kuyachota kwa vizazi. Adha hiyo ina nafuu moja: kinyesi hukauka shimoni, mbali na maji ya kunywa.

Sasa kijana wa Newala anahamia Dar es Salaam, anapata chumba Jangwani au Kigogo, bonde la Mto Msimbazi. Huko hata kiuno hakijazama shimoni, maji yameshachimbuka. Kwa kanuni, kitako cha shimo kikae angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kwa kuwa haiwezekani, wenyeji huinua choo kwa matofali au matairi, ukapanda ngazi kwenda haja.

Kikijaa, gari la majitaka halipenyi vichochoroni. Ndipo watu hutapisha: mvua kubwa ikipiga, huzibua bomba au hutoboa ukuta, uchafu ukaondoka na mafuriko. Unaondoka kwako tu. Jirani wa chini anaupokea na kipindupindu chake.

Kuna balaa jingine lisilosemwa sana. Shimo lenye maji ni mazalio ya mbu aina ya Culex, anayeeneza matende na mabusha. Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 watafiti walimwaga kwenye vyoo vya shimo vyenye maji punje nyeupe nyepesi za plastiki, jamii ya lile povu gumu linalofungashia televisheni. Punje huelea na kufunika maji: viluwiluwi hawapati pa kupumulia, mbu jike hapati pa kutagia. Wananchi wakapewa na dawa. Mbu wakapungua mno, na vimelea vya matende kwenye damu za watu vikaendelea kushuka miaka iliyofuata.

Msimbazi, mafuriko yangezizoa punje hizo masika ya kwanza tu. Kwa bonde hilo naona bora pampu ya mkono yenye tangi dogo juu ya mkokoteni. Yenye tangi la lita 200 ilishabuniwa Dar es Salaam kati ya mwaka 1988 na 1992, na inapita pasipopita gari. Manispaa ichangie gharama ya safari na iweke kituo cha kumwagia karibu, maana mkokoteni hauwezi kusukumwa hadi mabwawa ya Vingunguti kila siku. Faini peke yake itawafanya watu watapishe usiku.