Mpangaji wa Mtoni na Shungi la Nanasi

Ufikapo msimu wa mananasi, kuelekea mwisho wa mwaka, magari huteremka kutoka Kiwangwa, wilaya ya Bagamoyo, na mikokoteni ya wachuuzi hujipanga kando ya Barabara ya Kilwa hata Mtoni kwa Azizi Ali. Mchuuzi hushika kisu, akakata shungi la majani, akalitupa chini, akamenya tunda, na mnunuzi akaenda zake. Jioni mashungi yale huwa chungu nzima, yangojea gari la taka. Nayo si taka hata kidogo. Kila shungi ni mnanasi mzima uliokosa mtu wa kuupanda.

Twalijua jawabu la wengi: “Mimi ni mpangaji, nanasi la shungi lataka miaka miwili, nipande ili ale nani?” Hoja hii si ya kudharauliwa. Hakuna mwenye akili apandaye mwembe katika uwanja ambao kesho huenda akaambiwa auhame. Lakini mnanasi si mwembe. Mizizi yake haishuki mbali, nao huridhika na ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa matundu chini. Siku ya kuhama, ndoo hupakiwa garini pamoja na godoro na masufuria.

Basi mwombe mchuuzi akupe shungi bila kulikata, ulisokote kwa mkono mpaka ling’oke. Ondoa majani machache ya chini, kisha uliache kivulini siku kadhaa ili kidonda kikauke; likipandwa likiwa bichi huoza. Jaza ndoo mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, upande juu juu, udongo usiingie katika moyo wa majani, kisha uweke ndoo mahali penye jua. Udongo wa kando ya ukuta mpya haufai, maana umejaa saruji na chokaa. Mnanasi hupenda udongo wenye tindikali kidogo. Penye chokaa, majani hugeuka manjano. Kwa sababu hiyo hiyo usiutie majivu ya jikoni.

Na maji, ambayo mijini ni kilio cha kila siku? Mmea huu, uliotoka Amerika ya Kusini, una desturi ya ajabu: hufunga vitundu vya majani yake mchana wa jua kali, ukavifungua usiku kuvuta hewa, na hivyo hupoteza maji kidogo sana. Maji yaliyooshea mchele yatosha kuunywesha. Kinachouua upesi ni maji yatuamayo, na wakazi wa mabondeni wayajua mafuriko ya masika. Ndoo na iinuliwe juu ya matofali.

Lipo jambo moja ambalo wapenda mimea hawafurahi kulisikia. Majani ya mnanasi hukinga mvua katika makwapa yake, na vijiziwa vidogo vya namna hiyo ndivyo apendavyo kutagia mbu aumaye mchana, aenezaye homa ya dengi. Mji wa Dar es Salaam ulipatwa na homa hiyo mwaka 2014, ukapatwa tena mwaka 2019. Kwa hiyo wakati wa mvua, kila baada ya siku nne au tano, mimina maji kwa nguvu katika makwapa hayo, viluwiluwi visombwe kabla havijapata mabawa. Wala usiweke sahani chini ya ndoo. Asiyekuwa tayari kwa kazi hii asipande, kwani mbu wake hawataishia mlangoni pake.

Sisimizi wakianza kupanda na kushuka majanini, tazama shinani: aghalabu wanachunga vidung’ata, wale wadudu weupe kama pamba, ambao hudhoofisha mmea. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Mmea ukikomaa usitoe ua, moshi huuhimiza, maana ndani yake imo hewa iitwayo ethilini. Hewa hiyo hutoka pia katika ndizi zinazoiva. Wengine huweka ndizi mbivu kati ya majani na kuufunika mmea kwa mfuko siku chache. Ua likishatoka, ngoja miezi mitano au sita. Kila jicho la nanasi lilikuwa ua lake peke yake, na tunda zima ni mkusanyiko wa vitunda vilivyoshikana.

Shina likizaa mara moja limemaliza kazi, lakini ubavuni huacha maotea, nayo huzaa mapema kuliko shungi. Acha moja katika ndoo. Mengine jirani atayaomba mwenyewe, akishaonja.