Mtumaji Hudai, Mpokeaji Hujulikana

Barua pepe inapofika kwenye seva haitangulizi maneno yake. Kwa taratibu alizoziandika Jonathan Postel mwaka 1982, mashine iletayo hujitambulisha, ikataja anwani ya mtumaji, kisha ya mpokeaji, na ndipo, ikipewa idhini, hukabidhi barua yenyewe. Aliyepewa amana ya kuitunza seva hana budi kukumbuka kwamba anwani ya mtumaji ni dai tupu, ambalo laghai yeyote aweza kuliandika, ilhali anwani ya mpokeaji yaweza kuhakikishwa katika daftari la seva yenyewe.

Postfix, programu ya seva ya barua ya Wietse Venema iliyotolewa mwaka 1998, huyasoma masharti ya kukubali au kukataa barua kwa mfuatano wake, na ndani ya kila orodha sharti la kwanza litoalo hukumu ndilo hukata shauri. Tuseme kuna taasisi yenye makao Kasese, Uganda, na tawi Bwera, ambayo fundi wake, kwa nia njema, ameruhusu kila barua ambayo anwani ya mtumaji wake ni ya Bwera, akalitanguliza sharti hilo mbele ya lile likatazalo kupelekea barua vikoa vya wengine: katika matoleo ya zamani hadaa ingepata njia, na barua taka zingetawanywa duniani kwa jina la Bwera, hata seva za kwingineko ziikatae Kasese nzima. Toleo la 2.10 la mwaka 2013 lilitenga orodha maalumu ya masharti ya upelekaji. Lakini dawa hasa ni kuwatambua wa Bwera kwa nywila.

Mpokeaji asiyekuwamo daftarini akataliwe papo hapo, kwa namba 550, kwani barua ikikubaliwa kisha ikarudishwa, aghalabu humwangukia mtu asiye na hatia aliyeibiwa anwani. Anwani ya wafanyakazi wote nayo isifunguliwe ila kwa aliyekwisha kutambuliwa.

Lakini naupinga kwa dhati ushauri wa kuwafungia watumaji wa nchi nzima. Bwera imepakana na Kongo kwenye kituo cha mpaka cha Mpondwe, na tarehe 11 Juni 2019, Ebola ilipothibitishwa Uganda kwa mtoto aliyevuka mpaka na kulazwa Bwera, habari za upande wa pili zilikuwa na thamani ya uhai. Mtumaji anayetiliwa shaka na apewe namba 450, yaani kukataliwa kwa muda: seva ya kweli hurudi tena baadaye, na nyingi za walaghai hazirudi.