Je, Wajua? Zebaki Haiteketei kwa Moto

Mchimbaji mdogo wa Geita anapochoma donge la zebaki na dhahabu, hakuna kinachoungua. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, ikawa mvuke. Hilo ni badiliko la kifizikia tu. Mvuke ukipoa, hurudi kuwa zebaki ileile: matone mazito, yanayong'aa. Ndiyo maana chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoozea, huinasa karibu yote. Pasipo chombo hicho hutua juu ya mabati, kwenye nguo zilizoanikwa, na huingia mapafuni mwa aliye karibu. Harufu haina, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Badiliko la kikemikali huja baadaye. Zebaki ikifika majini, bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa methili-zebaki, sumu mpya inayojilimbikiza katika samaki na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya zebaki kukamata dhahabu, nayo huchenjuliwa kwa sayanaidi. Ikisaidiwa na oksijeni ya hewa, sayanaidi huungana na dhahabu, nayo dhahabu ikayeyuka majini isionekane. Dhahabu hiyohiyo ambayo kutu haiiwezi!

Almasi nayo huweza kupitia mabadiliko ya aina zote mbili. Huko Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5. Ilipochongwa ilibaki karati 23.6. Umbo lilibadilika, kaboni ikabaki kaboni. Lakini almasi ikitiwa moto mkali penye oksijeni ya kutosha, huungua yote ikawa hewa ya ukaa.