HUYU MUTU NI NANI?
Namna ya kupaka rangi mashevalie wadogo na alama za ngao zao

Katika nomero hii tunataka kuwafasiria kazi moja ya mikono ambayo watu wengi wa Ulaya na Amerika wanaipenda: kupaka rangi sanamu ndogo za mashevalie, ni kusema wale askari wa farasi wa zamani waliovaa chuma. Sanamu moja ina urefu wa milimetre 28 hivi, ya madini ao ya plastiki. Wakiisha kuzipaka rangi, wanazipanga juu ya meza, jeshi mbele ya jeshi, na wanacheza vita kwa kufuata masharti, kwa kutupa dadu na kupima mwendo kwa rula. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha muchezo kama huu tangu mwaka wa 1913.

Wengine watasema: hiyo ni kazi ya watoto. Sisi pia tulifikiri vile mbele ya kusoma habari zake. Lakini yule anayeshika burashi anapaswa kwanza kujibu ulizo moja lisilo la watoto: huyu mutu ni nani?

1. Alama zilitoka wapi?

Katika vita vya Hastings, mwaka wa 1066, habari ilienea kwamba Guillaume, mutawala wa Normandie, amekufa. Watu wake wakaanza kukimbia. Ikamupasa kuinua kofia yake ya chuma ili waone uso wake. Jambo hili limeshonwa kwa uzi katika kile kitambaa kirefu cha Bayeux. Na siku zile kofia ilikuwa ikiacha sehemu kubwa ya uso wazi! Kisha 1200 hivi, zikaja kofia za kufunika uso wote. Basi mutu alijulikana kwa ngao yake. Kila jamaa kubwa ilikuwa na alama yake, na mutoto aliirizi kwa baba.

2. Sharia ya rangi

Rangi za ngao ni chache. Kuna madini mawili: dhahabu (inapakwa njano) na feza (inapakwa nyeupe). Kuna rangi tano: nyekundu, buluu, nyeusi, majani na zambarau. Sharia ni hii: usiweke rangi juu ya rangi, wala madini juu ya madini. Juu ya nini? Juu ya kuonekana mbali. Andika kwa kreyo nyeusi juu ya karatasi ya buluu nzito, halafu juu ya karatasi ya njano, na simama mwisho wa kalasi. Utaelewa bila mwalimu.

Flandre ilikuwa na simba mweusi juu ya dhahabu. Brabant simba wa dhahabu juu ya nyeusi, ulimi na makucha mekundu. Rangi tatu za bendera ya Ubelgiji zilitoka kwa ile ngao ya Brabant. Ngao ya wafalme wa Yerusalema wakati wa Vita vya Musalaba inajulikana sana kwa sababu inavunja sharia: misalaba ya dhahabu juu ya feza.

Desturi hii ilifika hata kwetu. Katika miaka ya 1510 hivi, Manuel mufalme wa Ureno alimutumia Afonso mufalme wa Kongo ngao yenye mikono mitano ya kivita iliyoshika panga.

3. Mufano moja

Tuseme tunataka kumupaka rangi Edward, mwana wa mufalme wa Uingereza, katika vita vya Crécy, tarehe 26 Agosti 1346. Alikuwa na miaka 16, kama wengi wetu hapa masomoni. Baba yake alijiita mufalme wa Ufaransa pia tangu 1340, kwa hiyo ngao yao inakatwa robo nne. Robo mbili ni buluu, zimejaa maua ya lisi ya dhahabu. Robo mbili ni nyekundu, zenye simba watatu wa dhahabu wanaotembea. Mwana wa kwanza anaongeza juu ukanda mweupe wenye meno matatu, ili asidhaniwe kuwa baba.

Hapa wengi wanakosa. Wanaweka maua matatu tu. Lakini maua matatu yalianza Ufaransa karibu na 1376, na Waingereza waliyafuata kisha 1400. Kwa vita vya Azincourt, mwaka wa 1415, maua matatu ni sawa. Kwa Crécy ni uongo. Basi, tafuta mwaka kwanza, halafu fungua kopo la rangi.

4. Kazi yenyewe

Osha sanamu kwa maji na sabuni, uiache ikauke. Paka rangi ya kwanza, nyeupe ao kijivu, ili zingine zishike. Changanya rangi na maji kidogo: kupaka mara mbili kwa rangi nyepesi kunapita kupaka mara moja kwa rangi nzito. Anza na uwanja wa ngao, kisha mistari ya robo, kisha alama. Simba usimuchore nywele kwa nywele: fanya mugongo kama herufi S, ongeza miguu, mukia, basi. Ua la lisi ni vitone vitatu na kamustari kamoja chini. Mwisho paka vernisi isiyong'aa.

Angalia upande pia. Juu ya ngao simba anatazama kushoto kwako wewe unayemwangalia. Juu ya bendera anatazama muti wa bendera. Juu ya nguo ya farasi anatazama kichwa cha farasi. Ukimugeuza, anaonekana kama anakimbia vita!

Asiye na sanamu aanze na kipande cha katoni na kreyo za rangi. Sharia ni zile zile.

5. Kosa linaweza kuua

Tarehe 14 Aprili 1471, Waingereza walipigana wao kwa wao kule Barnet, katika ukungu muzito. Watu wa bwana wa Oxford walivaa alama ya nyota yenye miali. Mufalme Edward wa Ine alikuwa na alama ya jua. Mwandishi moja wa siku zile anasimulia kwamba watu wa Warwick walidhani nyota ni jua, wakapiga mishale rafiki zao wenyewe. Wale wakalalamika kwamba wamesalitiwa, wakakimbia. Warwick alishindwa, akauawa siku ile ile.

Tukikosa rangi juu ya meza, hakuna mutu anakufa. Hata askari akianguka, tunamuinua na kumurudisha ndani ya boksi. Wale wa Barnet hawakuinuka. Lakini ngao ni jina la mutu aliyeishi kweli, na kumupa jina lisilo lake ni kumushuhudia uongo. Ndiyo maana tunasema: kabla ya kupaka, soma.