Kuagiza gari kwenye mnada wa Japani: linganisha mawakala kabla ya kutuma pesa

Ukisimama steji ya Homa Bay asubuhi, Probox hazikosi: moja inaita abiria wa Rongo, nyingine wa Oyugis, nyingine wa Mbita. Nyingi ya gari hizi zilitumika kwanza Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa. Ndiyo maana wateja wetu hutuuliza: "Nimeweka akiba, na chama kitanikopesha kilichobaki. Nikinunua mwenyewe kwenye mnada wa Japani, nitaokoa pesa?"

Unaweza kuokoa, lakini inategemea umemtuma nani. Pesa ya gari ni jasho la miaka, na ikishaingia kwenye akaunti isiyo sahihi ng'ambo, kuirudisha ni kazi ngumu sana. Hebu tupitie hatua kwa hatua.

Kwa nini lazima umtume mtu

Minada mikubwa ya magari Japani, kama ile ya USS, ni ya wafanyabiashara wanachama. Mtu wa kawaida haingii. Kwa hivyo unamtuma wakala wa mnada (hapa hatuzungumzii wakala wa kuweka na kutoa pesa). Unamwambia bei ya juu kabisa unayoweza kulipa, naye anapandisha kwa niaba yako. Bei ikipita kikomo chako, anaacha. Ukishinda, unalipa bei iliyofikiwa mnadani, ada ya wakala, na gharama za kufikisha gari melini.

Mnada sio njia pekee. Ziko tatu:

1. Bei iliyotangazwa. Kampuni kama BE FORWARD na SBT Japan huweka gari mtandaoni zikiwa na bei. Unajua mapema utalipa ngapi, lakini faida ya muuzaji iko ndani ya hiyo bei.
2. Wakala wa mnada. Unachagua kutoka gari nyingi zaidi, na unaweza kupata bei nzuri. Lakini unaweza kukosa mara kadhaa kabla ya kushinda, na gari hujaliona.
3. Yadi ya hapa Kenya. Bei iko juu, lakini gari unaligusa, unaliwasha, na ushuru umeshalipwa. Kama huwezi kusubiri wiki kadhaa za meli, hii ndiyo yako.

Ada ndogo sio bei ndogo

Mawakala hawatozi kwa namna moja. Chukua mfano huu, namba ni zetu za kuelezea tu. Gari limeuzwa mnadani kwa yeni 500,000. Wakala wa kwanza anatoza ada moja ya yeni 60,000, kila kitu ndani. Wa pili anatangaza ada ya yeni 20,000 tu. Halafu ankara inakuja: ada ya mnada 15,000, usafiri hadi bandarini 25,000, makaratasi 15,000. Jumla ni 75,000. Aliyeonekana rahisi ndiye ghali.

Kuna jambo lingine. Umetoa kikomo cha yeni 550,000, na gari limeuzwa kwa 500,000. Hizo 50,000 ni za nani? Wakala mmoja atakuonyesha bei halisi ya mnada na kukutoza hiyo. Mwingine alishakupa bei moja ya jumla, tofauti inabaki kwake. Zote ni biashara halali mradi umeelezwa mapema. Uliza, na jibu lije kwa maandishi.

Soma karatasi ya mnada

Kila gari hukaguliwa na mnada na kupewa karatasi yenye alama. Gari la 4 au 4.5 kwa kawaida liko katika hali nzuri. La 3 au 3.5 lina mikwaruzo na mabonde zaidi. R au RA maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipotengenezwa, S ni kutu. Karatasi imeandikwa Kijapani, kwa hivyo mwombe wakala tafsiri pamoja na picha ya karatasi yenyewe. Akikataa kukuonyesha, tafuta mwingine.

Angalia pia mwaka. Kanuni za KEBS haziruhusu gari lililozidi miaka 8 tangu mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Gari pia hukaguliwa hukohuko Japani na kampuni iliyoidhinishwa na KEBS kabla ya kupakiwa. Bei tamu ya gari la miaka 9 ni hasara tupu.

Ushuru haujali umeshinda kwa bei gani

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kwa gari lililotumika, KRA hukokotoa ushuru kwa orodha yake ya bei za magari mapya, ikipunguza kulingana na umri wa gari. Haiangalii ulishinda mnada kwa bei gani. Ukipata gari kwa nusu ya bei, ushuru haupungui nusu. Juu yake kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya 16%, ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Fanya hesabu ya ushuru kwanza, ndipo uamue kikomo chako cha mnada.

Weka pia pesa ya bima ya baharini, ambayo sheria inataka inunuliwe kwa kampuni ya Kenya, pesa ya wakala wa forodha mwenye leseni ya KRA, na usajili wa NTSA. Gari likikaa bandarini kupita siku za bure, gharama ya hifadhi inaanza kupanda kila siku.

Pesa ipite njia gani

Mawakala wengi hutaka amana kabla ya kupandisha bei. Ni kawaida, ila uliza: nisiposhinda narudishiwa lini, na gharama ya kurudisha ni ya nani?

Malipo ya gari hupitia benki kwenda akaunti ya kampuni Japani. Simu yako inafaa kwa kukusanya michango ya chama, kupeleka pesa benki yako na kulipa gharama ndogo za hapa nyumbani. Kwa M-PESA, muamala mmoja hauzidi KSh 250,000 na siku nzima haizidi KSh 500,000. Mtu akikuambia ugawe bei ya gari vipande vipande, utume kwa laini yake siku tatu mfululizo, simama hapo hapo.

Kama umekosea namba, omba pesa irudishwe mara moja. Aliyepokea akishatoa, mambo yanakuwa magumu.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja

- Jina la akaunti ni la kampuni, sio la mtu?
- Kampuni imo kwenye orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji magari yaliyotumika nje ya Japani?
- Ankara inaonyesha namba ya chesisi na kila gharama?
- Umeandikiwa ni lini utapata hati asili ya shehena na cheti cha kusafirisha gari? Bila hizo, gari halitoki bandarini.
- Ukipokea barua pepe kwamba "akaunti imebadilika," umepiga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo? Usitumie namba iliyo ndani ya hiyo barua.

Jibu moja likikosekana, subiri. Minada ya Japani iko kila wiki, na Probox nyingine itakuja. Akiba yako ikipotea, haina mnada wa kuirudisha. Na PIN yako, kama kawaida, usimwambie mtu yeyote, hata anayesema anatupigia kazi.