Tanuri Lisilozimwa na Zamu ya Saa 12: Viwanda vya Chuma vya Pittsburgh, 1901–1923

Sehemu hii inachunguza uhusiano kati ya teknolojia ya kuyeyusha chuma na urefu wa siku ya kazi katika jiji la Pittsburgh, Marekani. Hoja ya msingi ni kwamba zamu ya saa 12 ilitokana na uamuzi wa waajiri, ingawa wao waliieleza kuwa ni sharti la mitambo.

Pittsburgh ilijengwa mahali ambapo mito ya Allegheny na Monongahela hukutana na kuwa mto Ohio. Makaa ya mawe yalichimbwa jirani, hususan Connellsville, na madini ya chuma yaliletwa kwa meli na reli kutoka eneo la Ziwa Superior. Mwaka 1901 kampuni ya Andrew Carnegie iliuzwa na kuwa nguzo ya United States Steel, shirika lenye mtaji uliozidi dola bilioni moja.

Tanuri la kuyeyushia madini haliwezi kuzimwa kila jioni, kwani likipoa vilivyomo huganda na kuliharibu. Kwa sababu hiyo waajiri walitetea zamu mbili za saa 12. Aidha, kila baada ya wiki mbili, zamu ya mchana na ya usiku zilipobadilishana, kundi moja lilifanya kazi saa 24 mfululizo. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimevunjwa nguvu katika mgomo wa Homestead wa mwaka 1892. Utafiti wa Crystal Eastman ulibaini vifo 526 vya ajali kazini katika wilaya ya Allegheny kwa mwaka mmoja kuanzia Julai 1906. Kati ya hao, 195 walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya chuma.

Mgomo mkuu wa mwaka 1919, uliodai pia siku ya saa 8, ulishindwa. Mei 1923 kamati ya wenye viwanda ilipinga mabadiliko kwa madai kwamba yangehitaji wafanyakazi 60,000 zaidi na kuongeza gharama. Dai hilo lilihusu mishahara na upatikanaji wa watu, halikuhusu tanuri. Miezi michache baadaye, kufuatia shinikizo la Rais Harding na la umma, zamu tatu za saa 8 zilianzishwa, na matanuri yakaendelea kuwaka.

Kwa hiyo, mtafiti wa historia ya viwanda hana budi kutenganisha mahitaji ya mtambo na maslahi ya mwenye mtambo.